Kaburi Alilolisafisha Ntambwe

Mwanamke yule aliwakuta wamekwisha kung'oa majani yote. Alikuwa na jembe begani na ndoo ya chokaa mkononi, kama watu wengine waliokuwa wakipita asubuhi ile kati ya makaburi mapya ya Kolwezi. Ilikuwa tarehe moja ya mwezi wa nane, siku ya wazazi. Asubuhi ya siku hiyo ni ya wazazi waliokufa, watu huenda kufagia na kupaka chokaa. Mchana ni wa wazazi walio hai, watoto huwapikia kuku. Mwanamke akasimama, akautazama msalaba, akawatazama wanaume wawili waliopiga magoti, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuwaaibisha watu wa umri wa baba zake:

"Batata, munisamehe. Hii ni kaburi ya papa yangu."

Ntambwe alibaki na brashi mkononi, chokaa ikimdondokea kwenye goti. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuacha wengine waseme kwanza. Kabasele, kaka yake, ndiye aliyeinuka, akajipangusa mikono, akacheka.

"Mama, tulikosea mustari tu. Papa yako alipata batoto babili ba bure leo."

Mwanamke akacheka kidogo pia. Akasema jina lake ni Mushiya, na kwamba mwaka uliopita alikuta kaburi limekwisha kupakwa chokaa, akadhani ni kaka yake aliyepita kwa siri akitokea Dilolo. Alimtumia hata ujumbe wa shukrani. Kaka yake naye akapokea shukrani bila kukana.

Wote watatu wakacheka. Kabasele akachukua ndoo yao, akaruka safu moja, akanyoosha kidole kwenye kaburi jingine lisilo na jina. "Njo hii," akasema, yaani ndilo hili. Akapiga magoti, akaanza kung'oa majani upya.

Ntambwe hakupiga magoti. Maneno ya Mushiya yalikuwa yakizunguka kichwani mwake. Mwaka uliopita pia walikuwa wamesafisha lile lile la kwanza, tena Kabasele alikuwa amelipigapiga kwa kiganja na kuongea nalo: mama, sisi hawa, tumekuja.

Ntambwe alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa na cherehani ya miguu kwenye kibaraza cha nyumba yake, akishona sare za shule na mavazi ya kwaya za parokia. Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, katika familia iliyotoka Kasai zamani, babu yake alipoletwa kuchimba shaba. Alisoma shule ya msingi tu. Mwaka ule watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani na kupakizwa katika treni, baba yake alipanda na hakuonekana tena. Habari ya mwisho ilisema alifia njiani, na hakuna aliyejua kituo gani. Mama yao, Mbuyu, alifichwa na jirani wa kabila la Walunda, mwenyeji wa pale, pamoja na watoto wake wawili, na akawalea humo humo Kolwezi kwa kuuza mihogo hadi alipokufa. Kwa hiyo Ntambwe alikuwa na kaburi moja tu duniani la kwenda kusafisha. Wengine walikuwa na mawili, na ya mababu.

Kaburi hilo lilikuwa nyuma ya kambi, katika makaburi ya zamani, upande wa kwenda Kingamyambo. Kisha kampuni moja ilipata ruhusa ya kupanua shimo lake la mgodi, na makaburi yakawa katika njia ya mashine. Familia zikaitwa kusema zinataka wafu wao wafanyiwe nini. Wakati huo huo baba mkwe wa Ntambwe akawa mgonjwa sana huko Sandoa, na mkwe hawezi kukosekana. Kabla ya kusafiri, Ntambwe alishona shuka jeupe la kufungia mifupa ya mama, akalizungushia pindo la mkono, si la cherehani, akampa Kabasele. Kabasele alikuwa mkubwa wa familia. Mambo ya namna hiyo husemwa na mkubwa peke yake, mdogo husubiri kuambiwa.

Aliambiwa kwa simu. Kabasele alimsimulia kila kitu: jinsi padri alivyoomba, jinsi mifupa ilivyokuwa safi, jinsi shuka lilivyotosha. Ntambwe alilia akiwa Sandoa, akashukuru. Aliporudi, mtoto wa Kabasele, Ruffin, alikuwa amepata kazi ya kuendesha lori kubwa mgodini, na furaha ikawa juu ya furaha. Salopeti, yaani ovaroli ya kazi, ilimzidi Ruffin urefu. Ni Ntambwe aliyempunguzia miguu, na hakutaka hata shukrani.

Baada ya siku ile ya Mushiya, Ntambwe hakulala vizuri. Hakumshuku kaka yake. Alifikiri tu kwamba Kabasele amesahau mahali na anaona aibu kusema. Mkubwa kusahau kaburi la mama yake ni jambo zito, na Ntambwe hakutaka kumlazimisha akiri. Akaona njia nzuri ni kuuliza serikali. Ofisi ya komini, yaani ya serikali ya mtaa, ilikuwa na karatasi za uhamisho ule, nani alitolewa wapi na kuwekwa wapi. Angeandika barua, angejibiwa, wangekwenda kwenye kaburi sahihi, na hakuna ambaye angeaibika.

Alimwambia Kabasele. Kabasele akasema ni wazo zuri. Akaja mwenyewe jioni kusaidia kuandika, kwa kuwa Kifaransa chake kilikuwa kizuri zaidi. Ntambwe aliuliza kama waweke pia namba ya kazi ya baba yao. Kabasele akatikisa kichwa.

"Ile ni mambo ya zamani, mudogo. Bale batoto ba biro ya komini habaijue. Andika jina ya mama tu, itatosha."

Basi wakaandika: Mbuyu, aliyezikwa katika makaburi ya zamani. Wakaenda pamoja kuipeleka. Kabasele alimlipia hata pikipiki ya kurudi.

Jibu lilikuja mvua zikiwa zimeanza. Karani wa ofisi, mama mmoja aitwaye Annie, alimpa barua iliyopigwa muhuri. Ilisema kwamba marehemu Mbuyu hayumo kati ya waliohamishwa wala kati ya waliobaki, na kwa hiyo ofisi haina la kumjibu mwombaji. Ntambwe aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Alijisikia kama ameambiwa kwamba mama yake hakuwahi kufa, au hakuwahi kuishi.

Annie alimwonea huruma. Akamwambia kwamba jibu hilo si mwisho. Anaweza kufanya rekuru, yaani kukata rufaa kwa mkubwa wa yule aliyejibu, lakini rufaa haisemi tu kwamba hukuridhika. Lazima ilete jambo jipya.

"Jambo gani, mama?"

"Sijue, tata. Wee njo unajua mama yako."

Alipofika nyumbani alimsimulia mke wake. Ndaya alikuwa akipepeta unga. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo Ntambwe hakulitegemea: ni nani huko kambini aliyewahi kumwita mama mkwe wake Mbuyu?

Ntambwe akafikiri. Kweli, hakuna. Majirani walimwita mama Kabasele, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Na kampani ya mgodi ilimwita kwa namba. Kambini mwanamke aliandikwa chini ya namba ya mume wake: hospitalini, kwenye uzazi, kwenye kugawiwa unga wa poso, yaani posho ya wafanyakazi. Ntambwe alipokuwa mtoto alitumwa na mfuko kupanga mstari wa poso, na ilikuwa lazima apige kelele namba ya baba yake dirishani. Kwa mtoto mwenye haya kama yeye ilikuwa adhabu. 17409. Hata sasa akiwa na homa ilimjia yenyewe mdomoni. Na mama alipokufa, miaka mingi baada ya baba kutoweka, hospitali ya kambi ilimtoa kwa namba ile ile, na fundi mbao aliandika kwenye msalaba: 17409, bibi, yaani mke. Jina hakuweka.

"Sasa juu ya nini muliandika jina?" Ndaya akauliza.

"Yaya njo alisema," akajibu, akimtaja kaka yake mkubwa.

Ndaya aliendelea kupepeta. Ntambwe hakupenda namna alivyoinamia ungo.

Safari hii aliandika peke yake. Alitumia Kiswahili chake cha shule ya msingi, kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Alisema kwamba anakata rufaa juu ya jibu alilopewa, kwamba mama yake alizikwa kwa namba ya mume wake kama wanawake wote wa kambi, na namba ni hii. Aliomba jambo moja tu: aambiwe mama yake yuko wapi, ili tarehe moja ya mwezi wa nane ajue pa kwenda. Hakumwambia Kabasele. Alijiambia kwamba anataka kumshangaza kwa habari njema.

Rufaa ilikaa muda mrefu. Alikwenda kuuliza mara nyingi hata walinzi wakaanza kumtania, wakimwita tata wa makaburi, yaani baba wa makaburi, na kumuuliza lini atawashonea sanda. Alitabasamu, akaketi kwenye benchi. Mvua zikaisha, baridi ikaingia, vumbi likarudi barabarani. Ilikuwa mwezi wa saba Annie alipomwita ndani.

"Tata, kaa kwanza," alisema.

Ntambwe akakaa. Annie alikuwa na jibu mbele yake, lakini hakumpa. Alimweleza kwa mdomo, polepole.

"Numero yako iko. Mama haikuhamishwa. Famii ilikubali abakie pale pale. Sasa iko chini ya ule mulima ya udongo batu ba mugodi balimwanga."

"Famii gani?"

"Yenu. Mukubwa wa famii njo alisinya karatasi. Kabasele. Ni nani yako?"

"Ni yaya yangu," akajibu Ntambwe, kwa sauti ile ile ya heshima aliyoitumia maisha yake yote, na akaisikia kama sauti ya mtu mwingine.

Annie hakuwa akifichua siri. Kwake hiyo ilikuwa habari ya kawaida ya ofisi. Akaendelea kueleza kwamba familia zilizokubali kuacha wafu wao, kampuni ilichukua mtoto wao mmoja kazini. Kwao alichukuliwa Ruffin. Akasema, kwa nia ya kumfariji, kwamba angalau wao walipata kitu, wengine hawakupata hata hicho.

Kisha akamsomea mwisho wa jibu. Rufaa ilikuwa imekataliwa, kwa sababu familia ilisikilizwa kwa mdomo wa mkubwa wake. Lilibaki jambo moja. Ofisi ilikuwa na ramani ya safu za zamani, na familia inaweza kuomba ionyeshwe mahali kaburi lilipo chini ya mlima ule, na hata kusimamisha msalaba upande wa nje wa uzio. Lakini ombi hilo lazima liletwe na yule aliyetia sahihi. Mdogo hana haki ya kuomba, labda apandishe tena rufaa, kwa mkubwa wa juu zaidi, mjini.

Ntambwe aliondoka kwa miguu. Njia nzima alikuwa akifikiri juu ya salopeti. Alikumbuka jinsi alivyopiga magoti mbele ya Ruffin na pini mdomoni, akimwambia kijana asimame wima.

Kabasele alikuwa sebuleni, akisikiliza redio. Alimkaribisha vizuri, akamwita mkewe alete maji. Ntambwe hakukaa.

"Yaya, mi natoka ku biro."

"Balisema tena jina haiko?"

"Niliandika numero ya papa."

Kabasele akaipunguza redio sauti. Hakuizima. Alitazama mlango uliokuwa unaelekea jikoni, kisha akauliza ni nani aliyempa akili hiyo.

"Ndaya."

"Ndaya," akarudia Kabasele, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Njo vile. Bibi anafika mu famii, anaanza kuchimbua hata bafu mu kaburi."

Halafu akaeleza. Hakuomba msamaha, alieleza tu, kama mkubwa anavyomweleza mdogo. Wakati ule Ruffin alikuwa akishuka katika mashimo ya wachimbaji wa mikono pamoja na vijana wengine, na kila mara watu walipokimbia kuelekea machimbo yaliyoporomoka Kabasele alijua safari hii ni yeye. Kampuni ilimwuliza: mifupa au kazi.

"Mama alikuwa amekufa. Ruffin alikuwa anakufa mbele ya macho yangu. Wee ungefanya nini?"

Mke wa Kabasele aliingia na maji, akaona nyuso zao, akayaweka mezani na kutoka.

"Labda ningekubali," Ntambwe alisema mwishoni. "Ungeniuliza, labda ningekubali. Ruffin ni mutoto yangu pia. Lakini ulinipigisha magoti ku kaburi ya muntu, yaya. Mara mbili. Ukaongea na mama pale, na mi nasikiliza."

"Nilitaka roho yako ikae."

"Na ile barua? Ulikuja kunisaidia kuandika juu ulijua haitapata jibu."

Kabasele akarudisha macho kwenye redio. Ntambwe akauliza shuka liko wapi.

Kaka yake aliinuka, akaingia chumbani. Kabati likasikika likifunguliwa. Akarudi na mfuko wa plastiki, ule ule aliopewa, fundo likiwa kama Ntambwe alivyolifunga. Shuka halikuwahi kukunjuliwa. Ntambwe alipapasa pindo kupitia plastiki, akalijua kwa vidole, maana alilishona kwa mkono usiku kucha, na simu ya Kabasele ikamwambia lilitosha.

Alilibana kwapani. Akaomba kitu kimoja: sahihi, ili ofisi ionyeshe mahali, waweke msalaba nje ya uzio. Kabasele akatikisa kichwa hata kabla hajamaliza. Kontra ya Ruffin, mkataba wake wa kazi, ingeisha mwezi wa kumi na mbili. Kampuni haipendi watu wanaorudi kuuliza.

"Sitasinya. Na wee usirudie kule. Mi niko mahali pa papa, nakuambia."

Ntambwe alimwambia amesikia. Ndivyo alivyokuwa akimjibu siku zote, na Kabasele aliridhika.

Siku moja kabla ya sikukuu, Ntambwe alipeleka rufaa ya pili. Ilikuwa fupi. Alisema kwamba mkubwa alisema peke yake na mdogo hakuulizwa, na kwamba mama alizaa watoto wawili. Alitia sahihi yake na kuandika chini yake: mtoto wa 17409 na Mbuyu. Annie aliisoma, akamuuliza kama kaka yake anajua.

"Atajua," alisema Ntambwe.

Kesho yake asubuhi majirani walipita na majembe na ndoo. Ntambwe hakuchukua ndoo. Alitembea kwa barabara ya Kingamyambo hadi kwenye uzio, akasimama akiutazama mlima ule wa udongo. Malori yalikuwa yakipanda na kumwaga, yakishuka na kupanda tena, maana mgodi haujui sikukuu. Kwa umbali ule hakuweza kuziona sura za madereva, na alishukuru kwa hilo. Mlinzi alikuja kumuuliza anatafuta nini. Ntambwe akasema hatafuti kitu, na hakuwa akisema uongo mkubwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuonekana. Mlinzi akamwomba asogee. Akasogea.

Mchana Kabasele alikuja kula kuku, kama kila mwaka, katika shati safi. Kwa kuwa baba hayupo, mkubwa ndiye huketi mahali pake siku hiyo na nyumba ya mdogo humheshimu. Aliketi kwenye kiti chenye mikono. Aliuliza habari za watoto, akasifu harufu ya jikoni. Ndaya akaleta sahani, akaweka firigisi juu kabisa, upande wa Kabasele, kama mkono wake ulivyozoea. Firigisi haigusi mtu ila mkubwa wa familia. Tangu wabaki wawili, Ntambwe hakuwahi kuionja.

Kabasele alikuwa bado akinawa mikono Ntambwe alipoinyoosha yake. Akaichukua firigisi, akaiweka mdomoni, akaanza kutafuna. Ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani.

Ndaya alisimama na jagi la maji mikononi. Kabasele akamtazama mdogo wake, maji yakimtiririka kwenye viwiko.

"Unakula firigisi, mudogo?"

"Nakula."

Akaendelea kutafuna hadi ikaisha. Kabasele akajipangusa mikono taratibu kwa taulo, kidole kwa kidole, akasubiri neno litakalofuata ili alipatie jibu. Halikufuata. Baada ya muda akainuka, akasema amekumbuka wageni nyumbani kwake, akawaaga watoto kwa majina. Ntambwe hakumsindikiza. Alimsikia akifungua mlango wa uani, akisimama kidogo, kisha akiufunga.

Ofisi ilipofunguliwa baada ya sikukuu, Ntambwe alikwenda kuuliza kama barua imepanda kwa mkubwa wa mjini. Walinzi wakamwita tata wa makaburi, wakamsogezea benchi. Annie akatoka, akamwambia imepanda.